Mkono Ulio Chini ya Sindano

Duka la Fundi Dunia,
Mlango wa bluu, nyuma ya kinyozi,
Mtaa wa mafundi.

Jumapili, tarehe 9 Machi, mchana wa mvua.

Mpendwa mpwa wangu Gurudumu,

Pokea salamu nyingi kama vipande vya vitambaa vilivyo chini ya meza yangu, na vile unavijua, hata fagio limeshakata tamaa. U hali gani huko uliko? Mgongo umepoa? Ile baridi uliyosema inaingia mwilini bila kubisha hodi, imeshaaga au imehamia moja kwa moja? Vaa soksi mbili mbili. Akicheka mtu, mwambie mjomba wako kasema, na mjomba wako amewahi kumpima kiuno nahodha wa meli ya ghorofa, nahodha akiwa amesimama wima kama mtoto wa shule.

Sisi huku hatujambo. Mkaza mjomba wako anakohoa kidogo asubuhi, ila akianza kunisema kikohozi kinapona chenyewe, kwa hiyo namtibu kila siku. Mimi mzima kabisa. Meno mengi yapo, na nywele zilizoondoka ziliondoka kwa hiari yao. Macho tu ndiyo yameanza kuniletea utani: nikitunga uzi naona sindano mbili, lakini mimi si fundi wa juzi, ya kweli naijua kwa baridi yake kidoleni. Kinyozi anasema nimezeeka. Nimemwambia kilichozeeka ni kioo chake.

Mvua imeanza alfajiri na haina haraka. Nimekaa mlangoni, kiti kimeegemea ukuta, karatasi iko juu ya ubao wa kukatia. Maji yanashuka kwenye ukingo wa bati nyuzi nyuzi, nyeupe, zimenyooka, na huko chini zinajifunga zenyewe kwenye tope. Siku kama hizi mtaa mzima unasikika kama mtu mmoja anayeshona nguo ndefu isiyo na mwisho. Nimeshasinzia na kalamu mkononi. Ukiona doa mahali kwenye barua hii, ni ndoto imedondoka hapo.

Barua yako ilifika salama. Niliisoma dukani, nikaisoma nyumbani, kisha nikampa mkaza mjomba wako aisome kwa sauti, nisikie kama kwa sauti itakuwa na maneno mengine. Yakawa yale yale. Unasema kiwandani mnashona mikono tu. Mikono ya mashati, tangu kengele ya asubuhi hadi ya jioni, na hujawahi kuona shati zima likipita mbele yako. Unasema ukilala, mikono inakupungia. Halafu mwishoni, kwa mwandiko mdogo: Mjomba, iuze cherehani ya Bibi, nikitoka huku sitaki kuona sindano tena, na huko sina cha kurudia.

La kuuza nililielewa. La pili lilinishinda. Nilikunja barua nikaiweka chini ya pasi, nikidhani labda maneno nayo hunyooka.

Lakini cherehani ni yako, sina ubishi. Mama yako alipotangulia ulikuwa mfupi kuliko meza, na Bibi yako akakulea palepale penye cherehani, yeye kwenye kiti chake, wewe upande wa kulia juu ya debe lililopinduliwa. Na siku zake za mwisho alisema mbele yetu sote, akili timamu na ulimi mkali vilevile: "Cherehani yangu msiigombanie. Ni ya Gurudumu." Basi mwenye mali akisema uza, mimi ni nani? Nikatafuta mnunuzi.

Mnunuzi hakukawia. Kuna bwana mmoja amefungua hoteli pale njia panda, mtu mpole, shati safi, anapenda vitu vya zamani kuliko vyenyewe vinavyojipenda. Ukutani ametundika gurudumu la baiskeli lisilokwenda popote, saa isiyosema saa, na taa ya chemni isiyowaka. Alisikia kwa kinyozi kwamba kwangu kuna cherehani ya mkono, ya siku nyingi, bado iko ndani ya kifuniko chake cha mbao. Akaja, akakipapasa kile kifuniko kama mtu anayepapasa ng'ombe mnadani.

"Si lazima ifanye kazi," akaniambia. "Nitaipaka rangi ya dhahabu niiweke mlangoni, juu yake chombo cha maua."

"Maua," nikasema.

"Ya plastiki. Hayahitaji maji, kwa hiyo hayataleta kutu."

Nikamwambia aje Jumamosi. Kifuniko sikukifungua. Tangu tulipomzika mama, Bibi yako, hakuna aliyekifungua, wala hatukuwahi kukaa kikao tukakubaliana hivyo. Kila mtu alikuwa anapita tu, anakifuta vumbi kwa juu, anaendelea na safari yake.

Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, nilikaa mbele ya kifuniko hicho nitunge maneno. Unanijua, mimi siwezi kumuuzia mtu hata kifungo bila kumpa na ukoo wake. Jua lilikuwa linaingia kwa ule upenyo wa dirisha, na vumbi la pamba linaelea humo ndani ya mwanga, halipandi wala halishuki. Usingizi ukanichukua nimekaa. Nikajiona niko kwenye chumba kikubwa kisicho na kuta, ni vitambaa tu vinavyoning'inia kutoka mahali nisipopaona, na sindano zinapita katikati yake kama samaki, hazina mtu. Mama alikuwa ameketi humo. Hakuwa mzee wala hakuwa kijana, alikuwa mama tu. Amelaza mikono yote miwili juu ya kitambaa, anangoja. Akanitazama kwa juu ya miwani, akaniuliza kama mtu anayeuliza chumvi imewekwa wapi: "Nani anazungusha?"

Nikaamka shingo imepinda. Mkaza mjomba wako alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai.

"Nimejua unaota," akasema.

"Umejuaje?"

"Ulikuwa unasikiliza."

Basi Jumamosi ikafika, na mwenye hoteli naye na mkokoteni wake na blanketi la kuifunikia cherehani njiani. Kinyozi akamwacha mteja kichwa nusu, akaja kuangalia mauzo. Nikapata hadhira, na mjomba wako akipata hadhira hata bawaba za mlango zinanyamaza.

Nikamwambia, bwana mkubwa, hiki unachokiona si chuma, ni usingizi na ugomvi wa watu wengi. Habari zake nilizipata melini, enzi zile ninashona mashuka ya abiria, kwa mhandisi mmoja wa mitambo aliyekuwa anakula kwa mkono mmoja na kusoma kitabu kwa mkono wa pili. Mimi shule niliishia darasa la tano, tulikubaliana na mwalimu kwamba tumechoshana, lakini jambo likiingia sikioni mwangu limeingia, halina pa kutokea.

Nikamwambia kwamba tangu dunia ianze watu walishona kwa mkono, na sindano ilikuwa na tundu lake nyuma, kisiginoni. Uzi unaifuata sindano kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni. Na kila aliyetaka kuunda mashine ya kushona alikuwa anaiga mkono wa mtu, akashindwa, kwa sababu mkono wa mtu una akili zake. Kisha akatokea fundi mmoja wa nchi za baridi, karibu miaka mia mbili sasa, akaunda cherehani ya mbao. Ikakubali. Akapewa kazi ya kushona sare za askari. Mafundi wenzake walipoona hivyo wakasema huyu anatuondolea mkate mdomoni. Wakaingia karakanani wakazivunjavunja mashine zake, na mwenyewe akaponea chupuchupu.

"Mafundi wenyewe?" akauliza mwenye hoteli.

"Mafundi wenyewe. Mwulize huyu kinyozi. Mwenzake wa ng'ambo ya barabara aliponunua mashine ya umeme, huyu wiki nzima alikuwa anaomba umeme ukatike."

"Na ulikatika," kinyozi akasema, bila haya.

Nikamwambia habari ya mwingine, huko ng'ambo ya bahari, aliyeunda yake ikashona vizuri tu. Inasemekana binti yake akamwuliza, baba, na wanawake wanaoishi kwa kushona kwa mkono watakula nini? Mzee akaiweka kando, asiende hata kuiandikisha kuwa ni yake. Baadaye mtu huyohuyo ndiye aliyeunda ile pini tunayofungia nepi za watoto. Moyo wa namna hiyo mimi nauvulia kofia, na ningekuwa yeye ningefanya vilevile, ila pini ningeipa jina langu.

Lakini ninayempenda ni wa tatu. Huyu alihangaika na mashine yake mpaka nyumba ikakosa raha. Akalala, akaota. Wanavyosimulia, na mimi simlazimishi mtu kuamini ndoto ya mwingine, aliota amekamatwa na askari wa mfalme, ameambiwa maliza mashine au ufe, na wamemzunguka na mikuki. Akiwa anatetemeka akaona kila mkuki una tundu, na tundu lenyewe liko mbele, kwenye ncha. Akakurupuka, akaenda kutoboa sindano kule mbele. Tangu hapo uzi haubaki nyuma tena. Unazama pamoja na ncha, unapita kitambaani, unakutana na uzi mwingine unaongoja huko chini ndani ya kile kichuma chenye umbo la mtumbwi, zinashikana, sindano inapanda. Nyuzi mbili, mmoja juu na mmoja chini, hazionani mpaka zikutane katikati ya kitambaa, na ndiyo maana mshono wa cherehani haufumuki ovyo.

Hapo nikaishia. Nilikuwa bado na yule mcheza maigizo aliyekuja kuiongezea pedali ya mguu, na jinsi wote walivyoburuzana mahakamani mpaka wakaona heri wagawane, lakini sikuendelea. Hadithi hii nimeisimulia nikiuza suruali, nikiuza makoti, nikiwa nimekosea kipimo na nataka mteja asahau. Jumamosi hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipoisikia.

Mwenye hoteli hakungoja. Akainua kifuniko.

Nataka uione kama tulivyoiona. Ile rangi yake nyeusi, bado inang'aa kama maji ya kisimani. Yale maua ya dhahabu ubavuni, pale kiganja cha mama kilipokuwa kinapita yamefutika kabisa, kwingine yapo. Harufu ya mafuta ya cherehani ikatoka, na nyuma yake harufu ya kitambaa kilichopigwa pasi, na nyuma ya hiyo, ya mama mwenyewe. Nikajifanya napenga kamasi.

Mwenye hoteli alikuwa anautazama mpini wa gurudumu, kile kipande cha mti cha kushikia. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mbona umelika upande wa nje?" akauliza. "Anayeshona akikaa mbele anashika hivi. Huyu alikuwa anashika kutokea kule." Akaonyesha upande wa kulia, palepale penye debe.

"Kule alikaa mpwa wangu," nikasema.

Ikabidi nimpe sasa habari ambayo mhandisi wa melini hakuwa nayo. Kwamba cherehani ya mkono imeundwa kwa mtu mmoja: mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa. Lakini vidole vya kushoto vya mama viligoma mapema, akawa anahitaji mikono yote miwili kukishika kitambaa. Ndipo wewe ukapewa gurudumu, na jina likaja lenyewe. Ulikuwa unazungusha umefumba macho. Mama hakusema simama wala hakusema twende. Akivuta pumzi unapunguza, akiitoa unakwenda. Wateja walikuwa wanakaa kwenye benchi wanawatazama mpaka wanasahau walichojia. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini nyinyi mlikuwa mmevuka hapo, mlikuwa mtu mmoja mwenye mikono mitatu.

Ulipoondoka nilijitolea mimi. Fundi mzima, mwenye duka, niliyemshonea nahodha. Akanijaribu nusu ya pindo, akanifukuza. "Mkono wako una haraka kama mdomo wako," akasema. "Unazungusha kama unafukuza mwizi." Nikamwuliza, sasa utashonaje, mama? Akasema atashona peke yake, kwani amepungukiwa nini. Na kila aliyemwuliza alimjibu kwamba anashona kama kawaida.

Sasa, sindano ilikuwa chini. Unaikumbuka sheria yake: ukiondoka kwenye cherehani unaiacha sindano imezama kitambaani, na haiinuliwi ila na anayekuja kuumaliza mshono ule. Alikuwa anasema cherehani iliyoinuliwa sindano ni nyumba isiyotarajia mgeni. Chini ya sindano palikuwa na kitambaa kimekunjwa na kusukumwa nyuma ili kifuniko kifunge. Mwenye hoteli akanyoosha kidole ainue kile kiguu kinachokandamiza, akitoe. Kinyozi, ambaye mimi sijawahi kumwona akiheshimu kitu, akamshika kifundo cha mkono.

"Taratibu," akasema. "Tuangalie kwanza ni nini."

Nikakikunjua bila kukitoa. Bluu iliyokolea, vidoti vyeupe. Ni mkono wa gauni, wa kushoto, mrefu, umetiwa chaki kifundoni kwa ajili ya pindo. Nikaufuata mshono kwa kidole. Unaanza kifundoni vizuri, umenyooka kama neno la kweli. Ukikaribia kiwiko unaanza kuyumba. Unatoka nje ya chaki, unarudi, unatoka tena, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Hapo mama yuko peke yake, mkono mmoja unazungusha, mwingine unashika na haushiki. Halafu kiwikoni unasimama. Sindano imezama papo hapo.

Nikageuka nimwonyeshe mkaza mjomba wako, nikakuta hayupo. Akarudi amekumbatia lile sanduku la bati la chini ya kitanda cha mama, ambalo sote tulidhani lina vipande vya kutilia viraka. Akatoa gauni. Bluu ileile, vidoti vilevile. Kola imekaa, vifungo vimekaa, mfuko umefichwa ubavuni kama ulivyokuwa unapenda. Lina mkono mmoja, wa kulia, na mshono wa mkono huo umenyooka kutoka kifundoni mpaka begani, hauna hata pumzi iliyopotea. Huo mliushona wote wawili. Gurudumu wangu, ulizungusha gauni lako mwenyewe, vipande vyote hivyo, ukidhani ni la mteja.

"Nilimwuliza siku moja," mkaza mjomba wako akasema, "mbona hili la bluu halijachukuliwa? Akaniambia mwenyewe yuko safari."

Mwenye hoteli akakirudisha kifuniko kwa mikono yake, polepole, kama anafunika mtoto shuka.

"Hii siinunui," akasema. "Hata ukinipa bure."

Niliudhika kidogo, sikufichi, maana mimi ndiye niliyetaka kukataa, na maneno yalishakuwa tayari, mazuri sana. Nikayameza. Nikampeleka uani nikampa ile miguu ya chuma ya cherehani yangu ya kukanyaga, iliyolala kule tangu kichwa chake kilipokufa. Ataweka ubao juu yake, na maua yake ya plastiki, na hakuna atakayedhurika. Tukaipakia mkokotenini, tukaifunika na blanketi kama mgonjwa. Kinyozi akakumbuka kwamba alikuwa na mtu. Yule bwana alikuwa bado amekaa kwenye kiti, upande mmoja fukara, upande mmoja tajiri, amelala.

Sasa nakuja kwako. Sijakutii, wala sijakukaidi. Cherehani ni yako bado na neno ni lako. Ukiniandikia tena uza, nitauza, nitaiinua sindano mwenyewe, na hutasikia nung'uniko hata kwenye salamu. Kama hutaki kushona maishani, usishone. Watu wengi wanaishi vizuri bila kushona, ingawa wanavaa vibaya. Wala siandiki ili kesho utupe kazi ukimbilie huku, mimi nimetembea dunia, najua mtu hutoka na kurudi kwa saa yake. Ni ule mstari wa mwandiko mdogo tu ndio sikubaliani nao, huo naukata kwa mkasi. Unacho cha kurudia. Kiko chini ya sindano, kimefika kiwikoni.

Gauni lenyewe nimelifunga kwenye kifurushi, linakuja pamoja na barua hii, na mkono wake mmoja. Livae mbele ya kioo. Likikubana usilaumu, mama aliacha akiba ya kitambaa ndani ya mishono yote, nimeiona, alijua utanenepa. Na nakuonya kabisa: hapo ulipo mikono ni mingi kuliko watu. Usithubutu kuokota mmoja ukaushonea hilo gauni. Litembeze hivyohivyo, bega moja linapigwa na baridi, mpaka likumbuke kwao.

Utauliza, Mjomba, wewe fundi mkubwa, mbona hukuumalizia? Kazi yenyewe ni ya kufumba na kufumbua, na mtaa huu mzima unajua fundi ni nani. Nilikaa mbele yake. Nikanyoosha mkono, nikaufikia mpini, nikaurudisha mkono mfukoni. Kuna mshono ambao fundi mgeni akiugusa anauharibu hata akiunyoosha.

Ila kuna jambo nimelianza. Siku utakayokuja, iwe karibu iwe mbali, kaa kwenye kiti cha Bibi yako, mikono yote miwili juu ya kitambaa. Debe lipo. Hapo nitakaa mimi. Tangu Jumamosi ile, wiki nzima sasa, najifunza. Kinyozi ameniazima baiskeli yake, tumeipindua uani magurudumu juu, na jioni nikifunga duka nazungusha pedali kwa mkono, polepole, macho nimefumba. Mkaza mjomba wako anakaa kwenye kiti pembeni. Akivuta pumzi napunguza, akiitoa nakwenda. Amekuwa akisema bado nina haraka. Lakini jana alinyamaza kitambo kirefu, na nilipofumbua macho nikakuta amesinzia kitini, kichwa kimelala begani, na gurudumu linakwenda.

Kinyozi anakusalimu, anasema ukimletea mkasi wa huko atakunyoa bure maisha yako yote. Mwenye hoteli, ambaye hamjuani, anakusalimu pia. Aliuliza unaitwa nani, nikamwambia Gurudumu, na hakucheka. Mkaza mjomba wako anasema ule, ulale, na usimwamini mjomba wako habari za nahodha. Nisalimie wenzako wote wa mstari wa mikono, na ukiweza kupenya, nisalimie na wa mstari wa kola, uwaambie kuna watu mahali wanangoja kola zao zikutane na mikono yenu.

Mungu akukinge na baridi, akupe usingizi usio na mikono inayopunga. Na akitaka kukupa ndoto, akupe ile yenye tundu kwenye ncha.

Ni mimi wako akupendaye kuliko anavyojipenda mwenyewe, na wewe unajua hapo pana pendo kiasi gani,

Mjomba wako,
Fundi Dunia.